Ufunguo wa Kabati la Chuma

...haumo, mfuko wa kulia haumo, wa kushoto haumo, kuna tishu iliyokwisha kutumika na peremende ya kifua na risiti ya mafuta ya gari, lakini ufunguo haumo, na Harlan Kreider, shemasi wa kanisa hili mwaka wa kumi na moja sasa, akalibana lile sanduku la viatu kwapani ili mkono mmoja upate kupekua koti, mfuko wa ndani, mfuko wa kifuani, polepole, watu wasimwone anapekua, kwa sababu ukumbi wa kanisa umejaa na foleni ni ndefu na kila mtu kashika lake, huyu mfuko wa plastiki, yule kapu la nguo, wameleta michezo ya video ya watoto wao, ile ya kuuana, ipondwe kwa nyundo pale mbele kwa Mchungaji Musser, na aliyelianzisha jambo hili ni yeye Harlan, yeye ndiye aliyesimama Jumapili tatu zilizopita, baada ya yale mauaji ya shuleni kule ng'ambo ya mto, watoto wanne, Bwana uwarehemu, akasema ndugu zangu, kijana yule alikuwa mtu wa kucheza michezo hii kutwa kucha, tuitoe majumbani mwetu, na watu wakasema amina, hata waliokuwa wakisinzia wakasema amina... ufunguo uko wapi. «Shemasi, hilo sanduku, au umetuletea buti zipondwe?» Dwight Ebersole huyo, nyuma yake, mtu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, na kitabu cha tiketi kinaning'inia shingoni, maana bahati nasibu ya zimamoto huchezeshwa humu humu ukumbini kila Novemba, «kata tiketi basi ukisubiri, zawadi ya kwanza bunduki ya kuwindia kulungu, mpya kabisa, bado inanukia duka,» na Harlan akacheka kwa meno tu, nimeshakata, Dwight, «kata nyingine, ile moja inaona upweke!» na mama mmoja mbele yao akageuka akacheka naye, akakata mbili, akazitia kwenye mfuko uleule wenye michezo ya wanawe, akakumbuka, akazitoa.

Asubuhi, tuanze asubuhi, anza mwanzo hatua kwa hatua, ndivyo anavyowaambia wengine wakipoteza vitu, aliamka, akasoma zaburi yake, akanywa kahawa wima, akashuka chumba cha chini, cha kufulia, liliko kabati la chuma la bunduki, akautoa ufunguo kwenye mnyororo wa mkanda kwa sababu mnyororo ni mfupi na mgongo wake siku hizi unagoma kuinama, akafungua, na mle ndani bunduki tatu zimesimama kama siku zote, ya marehemu baba yake, ya kwake, na ile ndogo ya Corrie, binti yake, risasi rafu ya chini, na juu ya maboksi ya risasi lile sanduku la viatu lenye michezo ya Corrie, kwa maana siku alipomnyang'anya alizunguka nyumba nzima akitafuta kitu chenye kufuli asikione kingine, nyumba yao haina kingine cha kufungiwa, akaifungia michezo pamoja na bunduki na hakuona ajabu, ee Bwana, miaka yote hii nalisoma Neno lako na sikuona ajabu... akalibeba sanduku kwa mikono miwili kwani kifuniko kililegea, simu ikalia, Mchungaji, Shemasi uko wapi, meza hazijapangwa, akaibana simu kwa bega na mlango wa kabati akausukuma kwa kiwiko, na je, ulijifunga? Mlango ule ukishika hutoa sauti nzito anayoijua kama anavyojua kikohozi chake, na sasa akiitafuta anaipata ya jana, ya juzi, ya mwaka jana wakati mkewe Janelle yungali hai, ya leo haipati, na ufunguo haumo mfukoni, basi ufunguo uko mlangoni, unaning'inia hapo hapo, kila atakayeshuka kuchukua soksi zake ataukuta, na nyumbani hakuna wa kushuka ila Corrie.

Corrie ana miaka kumi na sita, yuko peke yake, hakutaka kuja, alisema nenda tu Baba, sauti tulivu... «Tunasema hatujui uovu unaingilia wapi,» Mchungaji Musser anasema pale mbele, amekunja mikono ya shati, nyundo mkononi, «unaingilia sebuleni, tumeununua wenyewe tukaufunga kwa karatasi ya Krismasi,» na nyundo ikashuka, diski ikapasuka, watu wakapiga makofi, na Harlan akashtuka mwili mzima kama aliyesikia mlio mwingine, wa mbali, wa upande wa nyumbani, na kutoka hapa hadi nyumbani ni dakika ishirini na tano kwa barabara ya mlimani, kukiwa hakuna barafu. Siku ile alipomnyang'anya, ilikuwa alasiri, Corrie kavaa vile vipokea sauti vya masikioni anacheka, anacheka, mtoto ambaye tangu Februari walipomzika mama yake hakuwahi kucheka, na kwenye kioo watu wanaanguka na damu, na Harlan badala ya kusimama mlangoni asikilize kicheko alichomwomba Mungu miezi minane, akachomoa waya, nyumba hii haitauana, akasema, na Corrie akamtazama, «Baba, hao ninaocheza nao ndio wanaoniuliza kama nimekula, wewe hujaniuliza,» na yeye akasema usinijibu hivyo, ndiyo, ndivyo alivyosema, na ulikuwa ukweli, hakuwa amemuuliza, alikuwa akimwachia chakula jikoni kama mtu anayemlishia jirani paka. Baada ya hapo Corrie hakulia, hakununa, wiki mbili akafunga mlango wake, kisha Jumatatu hii akatoka, akasafisha chumba hadi chini ya kitanda, akaleta mwenyewe vile vya masikioni vimekunjwa vizuri, vitie sandukuni Baba, akampelekea mama yake mdogo Lorna lile koti jekundu la mama yake ambalo tangu msiba hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, akampa binamu yake kisu chake cha kuwindia, na Harlan, mpumbavu huyu, Jumatano kwenye maombi alisimama akashuhudia, tazameni, niliitoa michezo na Mungu akampa mwanangu utulivu, watu wakalia kwa furaha, naye akaona tamu, kusifiwa kulikuwa kutamu, hilo analiungama. Na mwaka jana yule muuguzi aliyekuja kusema na wazazi hapa hapa, Harlan alikuwa akipanga viti nyuma, akasikia nusu nusu, mtoto mwenye huzuni akitulia ghafla, akianza kugawa vitu anavyovipenda, msifurahi upesi, kaeni naye, na mkiwa na silaha nyumbani... hapo alikuwa anaburuza viti, hakusikia, au alisikia akaona hayamhusu, mtu wa kabati na kufuli.

Mbele yake wamebaki watatu. Mpigie. Ampigie Corrie aseme nini, mwanangu usishuke chini, kwa nini Baba, kwa kuwa kabati liko wazi, atakuwa amemwonyesha njia kwa kinywa chake, na pengine hata hajui, pengine amelala, pengine anakula mkate na siagi ya karanga akitazama dirishani, na asipompigia pia... alimfundisha mwenyewe kulenga, Corrie ana miaka minane, shambani kwa babu, toa pumzi kwanza ndipo ukaze kidole, na kabla ya kuondoka walishikana mikono wakaomba, siku zote huwa wanaomba, na alijisifu kila mahali, binti yangu ana shabaha kunishinda mimi. Lorna yupo. Lorna dada yake Janelle anakaa jirani, kuna kitalu cha maboga tu katikati yao, dakika mbili kwa miguu, na Lorna ndiye asiyetaka kumpigia kuliko watu wote, maana juzi mezani kwake, bata mzinga bado hajakatwa, Lorna alisema, «Shemeji, watoto wa Japani wanacheza michezo hiyo hiyo kuliko hawa wetu, mbona hawaziki watoto wao namna hii? Ondoa hayo machuma kabatini, angalau mwaka huu, mtoto ana majonzi,» na Harlan akaweka uma chini, akasema chuma hakina dhambi Lorna, moyo ndio wenye dhambi, nami najua kufunga kabati langu, na akasema pia, Bwana nisamehe, akasema Janelle asingenivunjia heshima mbele ya mtoto, na Corrie alikuwa hapo hapo anasikia, anagawanya viazi. Kumpigia Lorna ni kumwambia hukukosea, ni kumwambia nimekosa, nikiwa na sanduku hili mkononi, kanisa zima linasikia, na Dwight hapa nyuma na mdomo wake usiolala, kesho bonde zima litajua shemasi alibeba michezo akaacha bunduki wazi... na hapo akajisikia anavyohesabu, anapima jina lake huku na mtoto huku, dakika nzima imepita anapima, na kumbe ndivyo alivyo, ndivyo alivyokuwa miezi yote hii, na hakuna mchezo uliomfundisha hayo.

Akaweka sanduku sakafuni. «Shemasi, usikae chini, umeshafika!» Dwight. Simu ikaita, ikaita, ikaita, Bwana aache kunikasirikia dakika moja tu kisha aendelee, «Haloo? Harlan? Si uko kanisani?» na sauti iliyomtoka ilikuwa kubwa, hakuipima, «Shemeji, nimeacha kabati la bunduki wazi na ufunguo mlangoni, Corrie yuko peke yake, amegawa vitu vyake, shemeji, na mimi nikaita baraka, nakuomba nenda,» na foleni yote ikageuka, na yule mama wa tiketi akashika mdomo, na Lorna hakusema nilikwambia, hakusema lolote katika yale aliyostahili kusema, alisema, «Natoka. Usikate,» na mlango ukagonga, kisha miguu yake kwenye majani makavu, mtu mnene anakimbia, pumzi, pumzi, «Mungu wangu, maboga haya,» pumzi, na Mchungaji kule mbele, nyundo juu, anatabasamu, hajasikia, «Shemasi Kreider, karibu, wewe ndiye mwanzilishi wetu,» na Harlan akauinua mkono kumnyamazisha, mkono kwa mchungaji wake, hakuwahi, na Dwight akamshika bega, na ndani ya simu mbao za baraza zinalia chini ya miguu, mlango wa nyuma, Lorna anaita, «Corrie! Corrie, mwanangu, ni mama mdogo!» na kimya, na anaita tena, akishuka ngazi, na Harlan hakuomba ufunguo, hakuomba jina lake, hakuomba aonekane hakukosea, aliomba sauti tu, hata ya hasira, jibu mwanangu, mwambie sikuwahi kukuuliza kama umekula, mwambie unanichukia, nitukane mbele ya watu wote hawa, jibu tu.