Nyumba ya Mfano ya Misugusugu

Nyumba waliyokaa Elinipa na mumewe Ambokile haikujengwa pale Misugusugu, Kibaha. Ilitoka kiwandani ikiwa vipande, kuta zimeshatiwa madirisha na milango, ikapakiwa kwenye lori na kuja kuunganishwa kwa bolti juu ya miguu ya chuma. Wiki haikuisha ikawa imesimama. Juu ya paa palikuwa na sola, ubavuni tangi la kukingia maji ya mvua. Ndani kulikuwa na ubaridi hata jua la saa nane likiwaka. Upande uliotazama barabara ya Morogoro ulikuwa kioo kitupu, kuanzia sakafuni hadi darini.

Kampuni iliiweka pale makusudi, watu wapite waione. Ambokile alikuwa ofisa mauzo wa kampuni hiyo, na meneja wake, Hashiru, ndiye aliyetoa wazo kwamba aikae yeye na mkewe. Wateja wanataka kuona nyumba yenye watu, alisema, si boksi tupu. Hakutaka kodi. Alichotaka ni mlango uwe wazi mchana kutwa, Jumapili ikiwemo, na mtu wa nyumbani awepo wa kuwakaribisha wageni.

Wakati huo Elinipa alikuwa mjamzito. Alifanya kazi ya ukarani katika ofisi moja Posta, Dar, akiondoka Kibaha kungali giza na kurudi giza limeshaingia tena, na miguu ilishaanza kuvimba. Aliposikia habari za nyumba hiyo aliacha kazi bila kusitasita. Alikuwa mtoto wa Same, milimani, na hakuwahi kulizoea joto la Pwani. Siku ya kwanza alilala chali sakafuni, tumbo juu, akamwambia Ambokile kwamba hapo atamzaa mtoto asiyelia.

Masharti aliyajua na hayakumsumbua. Mkaa haukuruhusiwa, walipikia umeme wa sola na gesi. Misumari haikuruhusiwa kwenye kuta. Nguo zianikwe nyuma. Wageni walikuja, yeye akawakaribisha maji baridi, akawaonyesha jiko, akacheka nao. Chumba kidogo cha mwisho aliachiwa akipange apendavyo, akanunua kitanda cha mtoto pale Mailimoja, akakiweka chini ya dirisha. Mtoto alishampa jina. Angekuwa Blessing.

Blessing alifia tumboni, siku za kujifungua zikiwa zimekaribia. Elinipa alipoteza damu nyingi na kubaki hospitali amelazwa, hata kukaa hawezi, kwa hiyo hakumzika mwanawe. Ambokile na ndugu zake wachache walimpeleka Masaki, Kisarawe, kwenye shamba la shangazi yake Ambokile, Bertha, mjane aliyelima mihogo na mikorosho huko. Jioni Ambokile alirudi wodini na udongo kwenye viatu. Elinipa aliutazama udongo ule, akamwomba ampeleke akipata nguvu ya kutembea tu. Ambokile akasema atampeleka.

Walipotoka hospitali, Hashiru alikuja kutoa pole na kuwapa wiki moja ya kufunga mlango. Wanawake wa jumuiya walikuja kusali. Ambokile, kwa aibu kubwa, ikabidi awaombe wasiwashe majiko ya mkaa, wakakaa nje kwenye viti vya plastiki na kuondoka mapema. Wiki ikaisha. Mlango ukafunguliwa.

Tangu hapo Elinipa hakuwa na pa kwenda. Ambokile alishinda kiwandani au kwa wateja, kwa hiyo mtu wa nyumbani alikuwa yeye. Mwisho wa wiki, siku ambazo wangeweza kwenda Masaki, ndizo siku ambazo wageni walikuja kwa wingi, familia nzima nzima zikitoka Dar na watoto wao, watoto wakipanda juu ya kochi na kufungua friji. Kila alipomkumbusha safari, Ambokile alijibu kwamba ni wiki ijayo. Hakuwa akidanganya. Kila mara aliamini kweli kwamba itakuwa wiki ijayo.

Siku moja Elinipa alitandaza khanga mbili kwenye kioo kile, akazibana juu kwa vibanio vya nguo, akalala kwenye kochi akiwa haonekani kutoka barabarani. Kabla ya saa sita Hashiru alipiga simu. Amepita hapo, nyumba inaonekana kama imefungwa, kuna shida gani? Elinipa akazitoa. Tangu siku hiyo, akitaka kulia aliingia bafuni, maana bafuni ndiko pekee kusikokuwa na kioo cha kutazamia nje, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa mpaka asikie hodi. Halafu alinawa uso na kwenda kukaribisha watu.

Kitanda cha mtoto kilikuwa kimeshatolewa. Ambokile alikiondoa yeye mwenyewe Elinipa akiwa bado hospitali, akaweka meza ndogo na kiti. Alifikiri anamsaidia. Lakini wageni huuliza, na Jumamosi moja Elinipa akiwa jikoni anakata tikiti maji alimsikia mumewe, kwa ile sauti yake ya kazini, akiwaambia mume na mke waliotoka Mbezi, "Na hiki chumba kinafaa sana mtoto."

Alidhani hakusikia vizuri. Jumapili akayasikia tena, na Jumamosi iliyofuata, maneno yale yale. Alipomkalisha mumewe chini na kumwuliza, Ambokile hakubisha. Alisema ndivyo walivyofundishwa wote, kila chumba na maneno yake, na kwamba yeye hufunga moyo, akayasema, akapita. Akamwuliza kama anadhani jambo hilo halimuumi yeye. Wakipoteza kazi hii wanapoteza na nyumba, na Elinipa ameshaacha kazi yake, wataenda kuishi wapi? Siku mbili baadaye alikwenda bafuni na kukuta mlango umefungwa kwa ndani. Alisimama pale akamsikia Ambokile anavuta kamasi, akarudi jikoni taratibu ili mumewe asijue kama alikuwapo.

Basi wakawa hivyo, watu wawili ndani ya nyumba safi, kila mmoja akimchunga mwenzake asivunjike.

Ikafika siku Hashiru alipokuja mwenyewe na wageni wakubwa. Walikuwa wamiliki wa zahanati binafsi kutoka mikoani, waliotaka majengo mengi kwa mpigo, wanaume kadhaa na mama mmoja wa makamo aliyeitwa Laurensia. Elinipa alipewa taarifa asubuhi, akavaa gauni zuri, akapanga glasi. Hashiru alizungumza vizuri. Aliwaeleza kwamba kuta zile zimetengenezwa kwa mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa, hakuna mti uliokatwa, hakuna tofali lililochomwa. Mama Laurensia akauliza kuhusu kelele. Zahanati yake moja iko kando ya barabara, malori yanapita usiku kucha na wagonjwa hawalali.

Hashiru akatabasamu. Alimwomba Elinipa aingie chumba kidogo, afunge mlango, apige kelele kwa nguvu zake zote. Wao watasimama sebuleni wasikilize.

Elinipa alimtazama mumewe. Ambokile akatazama chini, kisha akaitikia kidogo kwa kichwa, kama kumwambia amalize tu. Akaingia. Akafunga mlango. Akasimama kando ya ile meza, chini ya dirisha, pale kilipokuwa kitanda. Halafu aliita jina la mwanawe. Aliliita tena, kwa nguvu zaidi, na baada ya hapo hakuweza kujizuia. Alipiga ukelele ambao hakuupiga hospitali, wala mbele ya jumuiya, wala bafuni, mpaka akajikuta sakafuni.

Sebuleni wageni walitegesha masikio. Wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasema hata mnong'ono hausikiki. Hashiru akamtuma Ambokile akamtoe mkewe.

Ambokile alifungua mlango akitabasamu bado kwa ajili ya wageni waliokuwa nyuma yake. Akamkuta Elinipa sakafuni, ameshika mguu wa meza, mdomo wazi, sauti imekauka. Aliingia akausukuma mlango kwa kisigino. Alichuchumaa. Hakumgusa, kwa kuwa hakujua aanzie wapi.

"Hamkusikia," Elinipa alisema. Sauti ilikuwa mkwaruzo mtupu.

"Hatukusikia."

Mlango ukagongwa. Hashiru alichungulia nusu, wageni wakiwa nyuma yake, na bila kuona vizuri akasema kwa uchangamfu kwamba hiki ndicho kile chumba, Ambokile atawaelezea matumizi yake.

Ambokile alisimama. Mama Laurensia alikuwa ameshaona mtu aliye sakafuni na alikuwa ameacha kuandika kwenye simu yake. Ambokile alifungua mdomo, na Elinipa aliona kwamba yale maneno ya kazini yalifika mpaka kwenye ulimi wake.

"Hiki kilikuwa chumba cha mtoto wetu," alisema. "Alifariki. Mama yake hajaliona kaburi lake mpaka leo. Naomba mnisamehe, siwezi kukielezea."

Kisha mwanaume mmoja akavua kofia, na wengine wakasema pole, mmoja mmoja, kwa sauti za chini. Mama Laurensia aliingia, akajishusha sakafuni kando ya Elinipa na gauni lake la kitenge, akakaa naye pale mpaka wenzake walipomwita kwenye gari.

Hashiru aliwasindikiza, akarudi peke yake. Hakugomba. Alionekana kuchoka. Alisema angeambiwa mapema kwamba chumba kile bado kinawauma angewapeleka wageni kwingine, kwamba na yeye ana wakubwa wanaosubiri majibu, kwamba nyumba ya mfano ikifungwa kampuni haiuzi. Akaomba kesho mlango uwe wazi kama kawaida. Ikishindikana atatafuta watu wengine wa kukaa pale, na hasemi hivyo kwa ubaya.

Elinipa ndiye aliyejibu.

"Kesho hatupo, bosi. Tunaenda Masaki."

Asubuhi iliyofuata walifika Kisarawe mjini, wakachukua bodaboda mbili kuelekea Masaki, Elinipa mbele, Ambokile nyuma yake akila vumbi. Shangazi Bertha alikuwa anamenya mihogo uani. Aliinuka akafuta mikono.

"Shikamoo shangazi," Elinipa alisema.

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa nakungoja." Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, kati ya mikorosho, hadi kwenye tuta dogo ambalo mvua ilikuwa imelipunguza. Akamwacha hapo. Ambokile alitaka kumfuata mkewe, shangazi akamzuia kwa kumkabidhi kisu amalizie mihogo.

Elinipa alikaa hapo mpaka kivuli kikahama. Hakupiga kelele. Aling'oa majani yaliyoota, akarudishia udongo kwa viganja, akalala ubavu kando ya tuta, na usingizi ukamchukua.

Mchana huo Hashiru alipiga simu. Nyumba wamepewa wengine, Silas wa idara ya usafirishaji na mkewe. Kazi ya Ambokile ipo, ila vitu vitolewe kabla ya mwisho wa wiki. Ambokile alimweleza Elinipa akiwa na hofu, akaanza kuhesabu kwa sauti rafiki wanaoweza kuwahifadhi. Elinipa alimwambia aende yeye akatoe vitu. Yeye atabaki kwa shangazi.

"Mpaka lini?" Ambokile aliuliza.

"Sijui. Usiniulize sasa."

Alibaki huko mpaka msimu wa korosho, akiokota na shangazi Bertha, akipanda mihogo. Ambokile alipanga chumba Tangini, Kibaha, kidogo, chenye joto, na kila Jumapili alikwenda Masaki akiwa na mkate na sukari. Jumapili za mwanzo walikaa bila mazungumzo mengi. Baadaye walizungumza, na mara moja waligombana vibaya, kila mmoja akitoa yote aliyoyafunga moyoni, mpaka shangazi akatoka nje kuwaachia nyumba. Ndipo Elinipa alipofunga nguo zake na kurudi naye.

Sasa anafanya kazi Dar tena. Ambokile bado anauza nyumba, na anaziuza vizuri. Mauzo yanapomchelewesha, Elinipa hamwulizi alikuwa akiwaeleza nini watu. Anampakulia chakula, na wanakula mlango ukiwa umefungwa.