Saa Tatu ya Bi Mwanahalima

Barua ilifika Kilindoni Jumanne, ndani ya bahasha ya kaki, na mimi ndiye niliyeifungua kwa kuwa bosi wangu, Evaristo, alikuwa amekwenda uwanja wa ndege kupokea mzigo. Niliisoma nikiwa nimesimama. Bi Mwanahalima, mpimaji wetu wa maji kule Utende, alikuwa amechaguliwa kuwa mtumishi bora wa mwaka katika sayansi ya bahari na hali ya hewa. Si wa wilaya, wa nchi nzima! Nilipiga kelele peke yangu ofisini. Mistari ya chini niliipitia kwa macho tu, na hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza kunidai.

Naitwa Valence, mtu wa Bukoba. Hapa kisiwani Mafia wananiita Valensi na nimeshazoea. Nililetwa kituo cha kupima bahari cha Kilindoni katikati ya mwaka 2008 kwa kazi moja: kuingiza kwenye kompyuta daftari zote za Bi Mwanahalima, tangu alipoanza mwaka 1997, wakati Hifadhi ya Bahari ingali changa. Zilikuwa daftari ishirini na tatu. Kila siku ya Mungu mama huyu alishuka gatini mara mbili na ndoo yake. Alisoma maji yamefika wapi kwenye nguzo iliyochorwa mita, akachota ndoo moja, akatumbukiza kipimajoto, akaandika. Basi. Nilizimaliza daftari zote kwa wiki tisa na nikajivuna sana. Nilijiona fundi wa kompyuta niliyekuja kumwokoa mama wa ndoo.

Siku hiyo hiyo nikawasha pikipiki ya ofisi nikampelekea barua.

Nilimkuta barazani anakuna nazi. Mumewe, Mzee Matano, alikuwa pembeni anagongea mguu wa kiti. Upande wa pili wa ua, Arafa, jirani yao muuza chapati, alikuwa anaosha vyombo na masikio yake yote yakiwa kwetu.

"Shikamoo, Bi Mwanahalima."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio, kuna msiba?"

"Kuna furaha!" nikasema, nikaanza kumsomea kwa sauti ya kutosha na Arafa asikie.

Nilisoma jina lake, akatabasamu. Nilisoma kwamba cheti na zawadi vitaletwa hapa hapa Utende, tarehe ishirini na tatu Machi, Siku ya Hali ya Hewa Duniani, na mgeni rasmi kutoka Dar es Salaam. Mzee Matano akaweka nyundo chini. Kisha nikasoma sababu: "Mtumishi huyu ametuzwa kwa kujitoa kusiko kwa kawaida. Kwa karibu miaka kumi na miwili amekuwa akitoka nyumbani kwake saa tatu usiku, na tena saa tisa usiku, kwenda kupima bahari, bila kukosa hata siku moja."

Mzee Matano ndiye aliyeanza kucheka.

"Mke wangu," akasema, "saa tisa usiku ulikuwa unakwenda wapi?"

Upande wa pili wa ua sufuria ilianguka. Arafa alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Lakini Bi Mwanahalima hakucheka. Aliweka kifuu chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Soma tena hapo, Valensi."

Nikasoma tena, safari hii polepole. Aliingia ndani akarudi na daftari aliyokuwa anaiandika. Akanionyesha kwa kidole chenye harufu ya nazi: *3 asub.* Chini yake: *9 alas.*

Saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri. Mtoto wa darasa la kwanza anajua hiyo ni saa ngapi. Lakini kompyuta ilikuwa imeniuliza AM au PM, nami mwenye haraka nikaipa: tatu ya asubuhi nikaandika 3 AM, tisa ya alasiri nikaandika 9 PM, yaani saa tisa usiku na saa tatu usiku. Mara elfu nane na zaidi. Mimi niliyezaliwa, nikakua na nikanywa uji wangu wa saa moja asubuhi katika nchi hii hii, nilimtoa mke wa mtu nyumbani usiku mara mbili kila siku kwa karibu miaka kumi na miwili.

"Bi Mwanahalima, kosa ni langu," nikasema.

"Najua ni lako. Mimi usiku nimelala." Akakaa. "Na maji yangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna kubwa zaidi. Maji hujaa kwa muda wa saa sita hivi, yakapwa kwa saa sita nyingine. Ukikosea kwa saa sita, umeyapindua: alipopima maji yamejaa, kompyuta yangu ilisema ndiyo saa ya kupwa. Kazi yake yote ilikuwa imesimama kichwa chini miguu juu, na huko Dar walikuwa wanaisifia.

"Tungesubiri sherehe ipite," nikasema. "Halafu nirekebishe kimya kimya. Nikisema sasa watafuta tuzo. Na mimi bado niko kwenye muda wa majaribio, Juni ndiyo nathibitishwa kazini."

Alinitazama bila hasira, na ingekuwa afadhali angenitukana.

"Valensi, sherehe ina kipaza sauti. Wakwe zangu watavuka kutoka Chole. Nisimamishwe mbele za watu, isomwe kwamba Mwanahalima alikuwa hakai nyumbani usiku? Arafa hapo anacheka kwa kuwa ananijua. Asiyenijua atasemaje?" Akachukua kifuu chake. "Andika leo. Wakifuta, wafute. Nimepima kabla ya tuzo, nitapima na baada yake."

Nikamuahidi.

Kurekebisha kulichukua dakika nne. Unaiambia kompyuta isogeze saa, inasogeza. Lakini barua ya kukiri iliyotakiwa kwenda Dar ilikaa mezani kwangu wiki tatu. Kila asubuhi niliisoma, nikabadilisha neno moja, nikaiweka chini ya kikombe cha chai. Evaristo nilimweleza siku ya pili. Si mtu mbaya Evaristo, ni mtu aliyechoka.

"Sababu ya tuzo ni usiku," aliniambia. "Ukiondoa usiku, kinabaki nini? Mama aliyefanya kazi saa za kazi. Acha, bwana. Apate cheti chake."

Nikairudisha barua chini ya kikombe, na kusema kweli nilifurahi.

Katika wiki hizo nilirudi kwenye daftari, safari hii nikisoma badala ya kuchapa. Niliona mambo niliyoyaruka. Mwaka 1998, miezi ile matumbawe yalipoungua kwa joto yakawa meupe, alikuwa ameandika nyuzi za joto la maji zikipanda siku hadi siku, na pembeni: *Maji si ya kawaida. Nimebadili kipimajoto, ni yale yale.* Mahali pengine: *Idi. Nimepima.* Pengine: *Kijakazi kajifungua mtoto wa kike, salama.* Kijakazi ni binti yake. Na siku moja ya Agosti 2003: *9 alas. mita 2.1. Mama tumemzika saa saba.* Mita mbili nukta moja iliandikwa kwa mwandiko ule ule ulionyooka. Nilifunga daftari nikaenda kusimama nje. Kompyuta haikuwa na safu ya maneno kama hayo, kwa hiyo sikuwa nimeyaingiza popote.

Hata hivyo barua sikuituma. Niseme ukweli wangu: niliogopa.

Tarehe ishirini na tatu ilikuwa Jumatatu. Turubai lilifungwa karibu na gati, viti vya plastiki vikapangwa, wakwe wa Chole wakavuka na nguo zao za sikukuu. Kutoka Kilindoni alikuja Mzee Zoeb, mwenye duka, aliyetoa maji ya kunywa, na aliyekaa mbele kama kawaida yake. Mgeni rasmi alikuwa mwanamke mwenye miwani, mpole, aliyeshuka ndege asubuhi ile. Zawadi ilikuwa imewekwa juu ya meza ya mbele: cheti ndani ya fremu na saa kubwa ya ukutani, tayari na betri, inatembea.

Bi Mwanahalima alikaa meza kuu na buibui jipya. Chini ya kiti chake aliweka ndoo. Nilipompita aliniuliza taratibu, "Wamejibu?"

"Bado," nikasema. Neno dogo lile liliniwasha ulimi kama pilipili.

Na nani mshereheshaji? Mimi. Evaristo alinipa karatasi na kipaza sauti, akaenda kukaa nyuma.

Nilisoma salamu. Nilisoma jina, watu wakashangilia, wanawake wakapiga vigelegele. Nilisoma "kujitoa kusiko kwa kawaida." Mstari uliofuata ulikuwa ule. Nikanyanyua macho. Yeye alikuwa ananitazama, na nikaona ameshajua kwamba sikuandika. Hakukunja uso. Aligeuka tu akaangalia ile saa ya zawadi juu ya meza, mshale mfupi ukiwa kwenye namba tisa, akainuka, akachukua ndoo yake, akamwambia mgeni rasmi, "Samahani, mama, narudi," akashuka kuelekea gatini.

Mgeni rasmi alishangaa. "Amekasirika?"

Arafa, kwenye kiti cha pili, akajibu kwa sauti bila kuombwa: "Hajakasirika, saa tatu hiyo! Mimi akipita na ndoo ndipo naepua chapati ya mwisho."

"Na sisi dukani ndipo tunafungua," akasema mwingine.

"Sisi shuleni ndipo tunapiga kengele ya mapumziko," akasema mwalimu mmoja, na watu wakacheka, wakaanza kutajiana kila mmoja anachofanya Bi Mwanahalima akishuka. Utende yote ilikuwa inakwenda kwa ndoo ile. Mimi peke yangu, niliyelipwa mshahara wa kujua saa hizo, ndiye ambaye sikuzijua.

Mgeni rasmi alikuwa anasoma nakala yake. "Lakini hapa imeandikwa usiku," akasema.

Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, hapo pameandikwa uongo, na mwandishi wake ni mimi. Hakuwahi kutoka usiku. Ametoka saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, mchana kweupe, mbele ya macho ya hawa wote. Yeye aliandika sawasawa. Mimi niliandika kwa haraka, nikayapindua na maji yake. Aliniambia niseme wiki tatu zilizopita, nikanyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi yangu. Takwimu nimeshazisahihisha, ninazo hapa. Tuzo mnaweza kuifuta. Lakini jina lake lisiguswe."

Sijui nilikuwa natarajia nini. Evaristo alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee Matano alinitazama muda mrefu, kisha akatikisa kichwa mara moja, kama mtu anayekubali bei.

Mgeni rasmi akavua miwani, akaigeukia ile saa ya ukutani. Ilionyesha tisa, na kila mtu pale chini ya turubai aliisoma saa tatu. Akaanza kucheka, kicheko chake kidogo cha aibu.

"Tulikaa watu saba kwenye kamati," akasema. "Saba! Hakuna aliyeuliza mama huyu alikuwa analala saa ngapi." Kisha akaniomba daftari. Nilikuwa na ile ya 2003 mkobani. Alifungua katikati, akasoma kimya, akapindua kurasa, akarudi nyuma. Nilijua amefika Agosti kwa jinsi alivyoacha kupindua.

Bi Mwanahalima alirudi na mkono uliolowa mpaka kwenye kiwiko. Mgeni rasmi alisimama, na nikaona watu wote wamesimama naye. Alimpa cheti, akaushika mkono ule ule uliolowa, akasema kwenye kipaza sauti maneno machache ambayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote: "Kwa kupima saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Bila kukosa. Hata siku ya msiba."

Bi Mwanahalima aliangalia chini. Ndipo nilipomwona analia, na mumewe akamsogezea kiti.

Baada ya pilau alipita karibu nami na saa yake ya ukutani kwapani. Nilianza kuomba radhi. Alinikatiza.

"Mita moja nukta tatu, yanajaa. Nyuzi ishirini na tisa. Saa tatu asubuhi." Akanitazama. "Asubuhi, Valensi."

"Asubuhi," nikasema.

Juni sikuthibitishwa. Waliniongezea mwaka mmoja wa majaribio na barua ya onyo, na sikuwa na neno. Mwisho wa mwezi ule wa Juni daftari ya ishirini na tano ililetwa mezani kwangu, nikaichapa taratibu, mstari kwa mstari, kila saa nikiitamka kwanza. Nilipofika Machi nikakuta mwandiko ule ulionyooka:

*23. 3 asub. mita 1.3. Nyuzi 29. Wageni. Valensi kasema.*

Kompyuta haikuwa na safu ya maneno. Nikaiongeza, nikaiita Maelezo, halafu nikarudi kwenye daftari ya kwanza, mwaka 1997, nikaanza upya.