Mkono Mwingine Kwenye Pindo

Mwalimu Genoveva aliporudi kutoka shuleni Jumanne ile, alikuta lesi yake imeongezeka.

Alikuwa anafuma pindo la kitambaa cha altare kwa ajili ya jubilei ya kigango chao, huko Boko. Lesi hiyo si ya kroshia. Ni ya mafundo, inafungwa kwa kidude bapa chenye ncha mbili ambacho kinabeba uzi katikati na kupita baina ya vidole. Akina mama wa kigangoni walikiita kiboti. Madukani hakipatikani, kwa hiyo Genoveva alikata chake kwenye mfuniko wa ndoo, akakisugua kwa msasa mpaka kikawa laini. Jana yake alikuwa ameishia kwenye kona. Sasa kona ilikuwa imeshapitwa, na maua mengine yanaendelea upande wa pili.

Alidhani amesahau. Jioni hiyo akafunga kipande cha uzi mwekundu pale alipoishia. Kesho yake uzi mwekundu ulikuwa umebaki nyuma. Mbele yake kulikuwa na maua mapya, fundo limelala juu ya fundo, vitanzi vyote kimo kimoja. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yalikuwa mazuri kuliko yake.

Funguo za nyumba zilikuwa mbili tu, wake na wa mumewe, Kamugisha, karani wa bohari huko mjini. Watoto walikuwa shule ya bweni. Kamugisha alikuwa anaondoka asubuhi na begi lake, anarudi jioni akilalamikia foleni.

"Baba Benson," alimuuliza akimpakulia chakula, "leo kuna mtu alikuja hapa?"

"Mtu gani? Si nilikuwa kazini?" Alijibu haraka mno. Halafu akaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Jumamosi Genoveva alisogeza kochi ili adeki, akaona kiboti kingine sakafuni. Hakikuwa chake. Kilikuwa cha pembe ya ng'ombe, cheusi, chembamba, kimechongwa na mtu asiyekuwa na haraka. Alikitia kwenye pochi, akaenda Kawe.

Thuraya na mumewe Nasser walikuwa na duka la nyuzi na vifungo huko, na Genoveva alikuwa mteja wao wa siku nyingi mpaka yeye na Thuraya wakawa mashoga. Thuraya alikigeuzageuza kile kiboti.

"Hii kazi ya mtu anayejua, Mwalimu. Unasema kilikuwa chini ya kochi lako?"

"Chini ya kochi langu."

"Mie sitaki kukuchonganisha na mumeo. Lakini mwanamke wa kuja na kuondoka hapati nafasi ya kufuma. Huyu anashinda kwako, shoga yangu. Anajinyoosha kwenye kochi, anakufumia na lesi yako." Akamrudishia. "Anakudharau."

Neno hilo lilimkaa Genoveva rohoni. Alinusa mashati ya mumewe, akanusa mito. Hakuna marashi, ni jasho na vumbi tu. Siku moja alikuta kikombe alichokiacha kichafu asubuhi kimeoshwa na kufunikwa. Mwizi gani wa waume anaosha vyombo?

Jumatatu alimwambia mwalimu mkuu kwamba anaumwa kichwa, akarudi nyumbani wakati wanafunzi wako mapumziko. Viatu vya Kamugisha vilikuwa mlangoni. Ndani redio ilikuwa inaongea kwa sauti ya chini. Genoveva alivua vyake, akazunguka nyuma, akaingilia jikoni.

Kamugisha alikuwa kwenye kochi, amevaa bukta na fulana ya ndani, miwani imeshuka puani. Uzi ulikuwa umezunguka vidole vya mkono wa kushoto. Kiboti cha mfuniko wa ndoo kilipita chini, kikapita juu, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

Genoveva hakusimama kumwangalia. Alipitiliza mpaka chumbani, akafungua kabati, akaenda bafuni, akavuta pazia.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke!"

"Mwanamke gani, Mama Benson? Niko peke yangu." Kitambaa kilikuwa bado mapajani mwake, na uzi haukuwa umetoka vidoleni. Ndipo Genoveva alipoviona vile vidole vizuri, akakaa.

"Ni wewe?"

Kamugisha alieleza huku akiangalia sakafu. Utotoni, kule Bukoba, alivunjika mguu akalazwa muda mrefu hospitali ya misheni. Sista mmoja alimpa uzi ili aache kulia, akamfundisha. Aliporudi nyumbani wavulana wenzake walimcheka, akaacha. Genoveva alipokitoa kile kiboti cha pembe kwenye pochi, alikitambua. "Hicho cha pembe nilikichonga Manzese, kwenye karakana ya jamaa mmoja. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kazi."

"Kazi? Kazi si unayo?"

Alivua miwani. "Bohari ilifungwa kabla ya Pasaka."

Sasa ilikuwa Agosti. Nafuu ya kutomkuta mwanamke chumbani haikudumu hata kidogo.

"Kila asubuhi unaniaga," Genoveva alisema. "Jioni unaniambia foleni. Foleni gani?"

"Nilitaka nipate nyingine kwanza, ndipo nikwambie. Nilikuwa nazunguka mpaka uondoke, narudi. Matumizi nilikuwa nayatoa kwenye kiinua mgongo. Kukaa bure kunachosha. Mikono ilitaka kitu."

"Kuna lingine?"

"Hakuna."

"Kamugisha." Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu Benson azaliwe.

"Hakuna, haki ya Mungu."

Hakumwamini. Kwa wiki kadhaa alikuwa anampigia simu mchana, anasikiliza kama kuna sauti nyingine nyuma. Hakuwahi kuisikia. Begi la kazini lilibaki limetundikwa. Kamugisha akawa anapika, na jioni walikaa kila mmoja kwenye ncha yake ya kitambaa, mazungumzo machache. Siku moja alimshika mkewe kidole, akamwonyesha namna ya kuulegeza uzi ili fundo ligeuke lenyewe. Tangu hapo vitanzi vya Genoveva navyo vikaanza kulingana.

Siku ya kupamba kanisa, Jovina, mwenyekiti wa akina mama, alilikagua pindo kwa kucha.

"Hizi kona si mkono wako, Mwalimu. Ulimpa nani?"

Genoveva angeweza kusema dada yake. "Mume wangu," alisema.

Wenzake walicheka. Jovina hakucheka. Alimtazama Genoveva kuanzia kichwani hadi miguuni. "Baba Benson? Mtu wa ofisini anapata wapi muda wa lesi?"

"Hana ofisi tena. Shika ncha hiyo, tukatandike."

Jovina alishika. Walikuwa hawajafika altareni minong'ono ilipoanza nyuma yao, na Genoveva aliendelea kutembea, kitambaa kimekazwa kati yao kisiguse sakafu.