Osuga ya Maziwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Ijumaa ya pili ya Machi, mzani wa Celestine Achola ulionyesha kilo themanini na nane. Ulikuwa umeshuka hadi katikati ya Januari, kisha ukakwama hapo.

Daktari alitaka themanini na mbili. Akifika hapo, Celestine angeweza kumpa ndugu yake mdogo, Gordon, figo moja; asipofika, hapana. Gordon alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na mishipa ya mkono wake ilikuwa imeanza kukataa sindano.

Celestine alifundisha hesabu katika sekondari moja mjini Kisumu. Kila alichokula alikiingiza kwenye simu: chapati nusu, samaki wa kuchemsha kutoka ufuo wa Dunga, chai bila sukari. Jumla ilikuwa ndogo, lakini uzito haukushuka. Jioni hiyo alimwonyesha simu jirani yake wa mtaa wa Migosi, Mwihaki, ambaye alikuwa mtaalamu wa lishe.

"Hii 'mboga, sahani moja' iko kila siku. Mboga gani?"

"Osuga. Mama mdogo huniletea hotipoti kubwa kila Ijumaa, naila wiki nzima."

"Imepikwa na nini?"

"Maziwa."

"Maziwa kiasi gani, Mwalimu?"

Celestine alishusha simu mezani.

"Ni mimi Mkikuyu nikuambie wewe Mjaluo?" Mwihaki alicheka. "Nimezaliwa hapa Kisumu, nimekula hiyo kitu. Hiyo si mboga. Hiyo ni chai ya maziwa yenye majani."

Celestine alikuwa akijua hilo tangu utotoni. Katika nyumba yao ya Kaloleni, mamake alipika osuga, mnavu wa Wajaluo, kwa siku tatu. Siku ya kwanza aliichemsha na kumwaga maji, ya pili akatia maziwa, ya tatu akatia malai, mafuta ya maziwa, na kuiacha juu ya makaa hafifu hadi uchungu uishe. Celestine na Gordon walipotoka shule, harufu iliwapokea kabla hawajafika mlangoni. Walipigania ukoko wa chungu. Gordon, aliyekuwa mdogo, alishinda mara nyingi kwa sababu alikuwa mwepesi wa kulia. Mama alifariki miaka miwili iliyopita, na mdogo wake, Seline, akabaki na chungu na nyumba. Katika chakula chote cha wiki, ni sahani hiyo tu ambayo Celestine hakuwa ameipima.

Kesho yake alikwenda Kaloleni na jagi la kupimia.

"Sasa unapima chakula cha mamako kama saruji?" Seline aliuliza.

"Mimina kama kawaida, mama mdogo."

Seline alimimina. Jagi lilijaa maziwa mara mbili, kisha likajaa malai hadi nusu.

"Mama alikuwa anaweka malai mengi hivi?"

"Mamako? Mamako alikuwa mchoyo." Seline alikoroga bila kumtazama. "Nilikuona Krismasi, mabega yametoka kama henga ya nguo. Nikasema, huyu mtoto, huzuni inammaliza. Nikaongeza. Nikaona bado unakonda, nikaongeza tena."

Hesabu ilikuwa hiyo. Kadiri Celestine alivyopungua, ndivyo chungu kilivyonona.

Seline alijua Gordon ni mgonjwa, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya kutoa figo. Gordon ndiye aliyetaka iwe hivyo, kwa kuwa Seline ndiye aliyemfumba mama yao macho alipofariki, na hakutaka kumtia hofu tena. Sasa Celestine alimwambia yote.

Seline aliweka mwiko chini. "Wewe na Gordon, siku moja, vitanda viwili?"

"Ndiyo."

"Mkinifia wote, mimi mnaniacha na nani?"

"Nisipofanya hivyo, Gordon hamalizi miaka miwili. Daktari amesema."

Seline aliinua chungu kutoka kwenye jiko na kukiweka sakafuni.

"Nyathina, mwanangu," alisema, "ungeniambia Krismasi. Unajua maziwa ni bei gani siku hizi?"

Ijumaa iliyofuata hotipoti ilifika. Osuga ilikuwa imechemshwa kwa maji, kwa kitunguu na nyanya, na ilikuwa chungu kama dawa. Haikuwa chakula cha mama. Celestine alipima sahani moja, akaiandika, akaila yote, kisha akaosha sahani.

Mwishoni mwa Mei mzani wa kliniki ulishuka chini ya themanini na mbili. Jumanne ya tatu ya Juni, saa mbili asubuhi, wauguzi waliwaingiza Gordon na Celestine katika vyumba vya upasuaji. Seline alibaki kwenye benchi la nje, ameshika mikoba yao yote miwili.