Njia ya Kupitia Nebraska

Doreen Tollefson hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwa miaka sita alikuwa msimamizi wa kompyuta kuu ya chuo kimoja cha Wisconsin, na barua iliyopita mikononi mwake ilifika, upende usipende. Mwaka ule wa 1986 hapakuwa na mashine iliyoijua dunia nzima. Kila moja ilijua jirani zake tu, ikawapigia simu na kuwakabidhi mzigo. Mwenye barua ndiye aliyetaja mashine zote za njiani, moja baada ya nyingine, na wenye mashine walibebeana bure, kwa hisani tu.

Jumanne asubuhi Joanne Krueger, mwenzake wa meza ya pili, alikuja uso umemsawijika. Watu wa Edinburgh waliitaka programu yake, mistari mia nne, kabla ya Alhamisi adhuhuri. Ikiwafaa, kazi ni yake.

"Nataka kuipitisha Iowa," alisema. "Kwenye ramani ndiyo njia fupi."

"Fupi kwa nani? Iowa siku hizi wanapiga simu Ijumaa tu! Hiyo ramani ni karatasi, Joanne. Mimi nawajua watu."

"Haya, mjuaji, tupite wapi?"

Doreen akataja mashine tano bila kusita, ila ya tatu aliipunguzia sauti: ya kampuni ya mbegu, Nebraska, iliyosimamiwa na Verlyn.

"Kwa Verlyn?" Joanne akaguna. "Si alikufungia mlango yule?"

Alimfungia kweli. Mwezi Oktoba, kwenye ubao wa matangazo unaosomwa na wenye mashine wote, Doreen alimwita mvivu anayeozesha barua za watu. Tangu hapo Nebraska haikupokea kitu kutoka chuoni.

"Wewe itume," alisema. "Mlango nitaubisha mimi."

Akapiga simu.

"Verlyn? Ni Doreen, wa Wisconsin."

"Ala! Leo mvivu kakumbukwa?"

"Kuna barua ya mwenzangu inakuja kwako. Kosa langu asilipe yeye, tafadhali."

"Ulinitukana mbele za watu, mama. Radhi hainong'onwi kwenye simu."

Akakata. Ilikuwa saa nne na nusu.

Doreen alikaa mbele ya skrini nusu saa nzima. Hakuna programu iliyowahi kumtoa jasho namna ile. Mwishowe aliandika ubaoni kwamba alikosea: barua zile zililala kwa sababu Verlyn alikuwa hospitali akimuuguza mkewe, jambo alilokuja kuambiwa baadaye, na yeye Doreen alitukana kabla ya kuuliza. Saa tano kamili akalibandika tangazo.

Alhamisi jibu likaja. Programu imefaa, Joanne aanze kazi Mei.

"Nilikwambia nini?" Doreen akatamba, huku Joanne akimkumbatia na kulia.

Edinburgh walikuwa wamerudisha na barua yenyewe, ikiwa na saa iliyogongwa na kila mashine ilipoipokea. Doreen aliisoma kwa mazoea, kisha akaurudia mstari mmoja. Nebraska iliipokea Jumanne ile ile, saa nne na dakika thelathini na mbili. Verlyn alikata simu, akafungua mlango papo hapo.

"Kumbe hukuwa na haja ya kuomba radhi!" Joanne akacheka. "Lifute tangazo basi, ni amri moja tu."

Doreen aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Haja nilikuwa nayo," alisema, akaliacha lisomwe.