Simenti Tungojee Kwanza

Mume wangu Gracien alifia katika shimo alilochimba ndani ya chumba chetu cha kulala, hapa Kasulo, akitafuta madini ya kobalti. Baada ya mazishi nilihamishia kitanda sebuleni. Mdogo wake, Elisée, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, aliendelea kushuka shimoni humo.

Wiki ile rais alipomkabidhi mwenzake madaraka bila vita, jambo ambalo nchi yetu haikuwahi kuliona, Elisée aliingia na koleo, amevaa fulana ya kampeni.

"Yaya, tufukie hii shimo. Rais mupya ataleta kazi ya kweli."

"Unamuamini?"

"Nilimupigia kura!"

"Na ule wa zamani ulimupigiaka pia."

Alicheka, akaanza kurudisha udongo. Nilimsaidia kwa beseni mpaka sakafu ikawa sawa.

"Na simenti?" nikauliza.

Alijikuna shingo bila kunitazama. "Simenti tungojee kwanza, yaya. Tuone."

Jioni nilirudisha kitanda changu chumbani, nikakiweka juu ya udongo ule mbichi. Akitaka kushuka tena, itambidi aniamshe.