Siku Kumi za Kunyamaza

"Kupe naye ni kiumbe, Mama," Helena alirudia. Nikamwambia kiumbe huyo ndiye aliyetuulia ndama wawili mwaka jana, kwa hiyo ashike bomba la dawa aogeshe ng'ombe, la sivyo haendi Dar es Salaam wala popote.

Ilikuwa asubuhi mapema, nyumbani kwetu Likunja. Basi kutoka Nachingwea lingepita Ruangwa mjini saa mbili. Binti yangu alikuwa anakwenda kwenye mafungo ya Wabudha: siku kumi za kukaa, kufumba macho na kufuata pumzi, bila simu, bila kuzungumza, bila kula baada ya saa sita mchana, bila kuua chochote.

"Masharti yanaanza jioni ukifika," nilimwambia. "Sasa hivi bado uko kwangu."

"Nikianza kwa ujanja, Mama, nitakuwa nimekwenda kukaa tu."

Nina diploma ya mifugo na nimezoea kubishana na wanaume wenye ng'ombe mia, lakini huyu alinishinda.

Kusema kweli, alikuwa amejiandaa. Wiki tatu, kila asubuhi, alikaa saa nzima juu ya gunia nyuma ya zizi. Nzi walimtembea usoni, hakupunga mkono. Jioni aliwapakulia wadogo zake ugali na maziwa mgando, asilambe hata kidole. Jumamosi moja aliamua kunyamaza kutwa. Nikamchokoza makusudi, nikamwambia Amosi, mchumba aliyemwacha, anaoa mwezi ujao. Alitabasamu, akaendelea kuosha vyombo. Mimi nisingeweza.

Na asubuhi hiyo alikuwa ameshakamua, ameteka maji ndoo kumi, ameziba tundu la zizi. Kazi zote, isipokuwa ile ya kuua.

Jirani yetu Hajra, aliyekuja kununua maziwa, alisimama na chupa yake akisikiliza bila aibu. Nilimlalamikia kwamba mtoto huyu amebatizwa na kupata kipaimara, sasa ataniletea dini nyingine. Akasema mumewe hukaa itikafu msikitini siku kumi za mwisho wa Ramadhani, na hurudi yuleyule.

"Ila maneno yanakuwa yamepungua, Mama Helena. Mimi hata mwezi mzima ningemwachia."

Helena alicheka. Mimi sikucheka. Nilijua tatizo langu si kupe. Kuogesha ng'ombe naweza mwenyewe. Niliogopa mtoto aende, arudi si wangu.

Nikamtazama. Hakupandisha sauti, hakununa, hakuondoka bila ruhusa, ingawa ana miaka ishirini na sita na nauli ni yake. Nikajaribu kumkumbuka mtu mwingine katika ukoo wetu aliyewahi kusimamia neno lake hivyo huku basi linamwacha. Sikumpata.

Nikamwomba Hajra afunge lango la zizi, ng'ombe wangoje. Nikavaa koti, nikawasha pikipiki.

"Panda," nilimwambia Helena. "Na ushikilie begi vizuri, leo sipunguzi mwendo."

Akapanda, tukashika barabara ya Ruangwa.